Robert Koch, Mpelelezi wa Vidudu

Mtu akitoka Bunia na kuushuka mtelemko mrefu mpaka Kasenyi, hulikuta Ziwa Albert, na ng'ambo ya maji ndiyo nchi ya Uganda. Akivuka, akiendelea na safari siku nyingi upande wa kusini-mashariki, hufika kwenye ziwa lingine lililo kubwa zaidi, nalo ni Nyanza, au Viktoria. Katika ziwa hilo vimo visiwa vingi viitwavyo Sese. Ni visiwa vya kupendeza, vina misitu mizuri, na samaki tele. Lakini kati ya mwaka 1900 na mwaka 1906 visiwa hivyo vilikuwa mahali pa kilio. Watu walishikwa na homa, tezi za shingo zikavimba, wakakonda. Baadaye wakawa wanasinzia mchana, hata chakula kikiwa mkononi, na mwisho hawakuamka tena. Ugonjwa huo ni malale. Katika Uganda uliua watu zaidi ya 200,000 kwa miaka michache, wala katika Kongo haukuwa mgeni.

Mwaka 1906 alifika Sese mzee mmoja Mjerumani, mwenye ndevu na miwani, umri wake miaka 62. Alipanga kambi yake Bugala, kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote, akafungua masanduku yake, akatoa darubini ya kuonea vitu vidogo. Jina lake Robert Koch. Siku zile mganga aliyesifiwa duniani kuliko yeye alikuwa haba kupatikana. Kwa nini aliacha nyumba nzuri ya Berlin, akaja kukaa katika hema kati ya mbung'o na mamba? Tuanze mwanzo.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa milimani uitwao Clausthal, Ujerumani. Watu wa huko walichimba fedha na risasi chini ya ardhi, kama wengine wa Ituri walivyochimba dhahabu huko Kilo, na baba yake alikuwa na kazi katika machimbo hayo. Watoto wa nyumba ile walikuwa 13. Robert alipenda kuokota mawe, majani na wadudu, na kuviangalia kwa kioo cha kukuzia. Tena alikuwa na tamaa nyingine: kusafiri mbali baharini na kuona nchi za joto.

Akasoma uganga katika mji wa Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata akaoa, na mkewe, Emmy, hakutaka habari za merikebu wala za nchi za mbali. Basi Koch akawa mganga wa watu wa shamba. Tangu mwaka 1872 alikaa Wöllstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland. Kutwa alizunguka kwa gari la farasi, akitibu homa na kuzalisha akina mama.

Katika wilaya ile ng'ombe na kondoo walikufa ghafula kwa ugonjwa wa kimeta. Jioni mnyama ni mzima. Asubuhi amelala chini, na damu yake nyeusi. Wenye mifugo waliyajua malisho fulani, wakiyaogopa, kwa maana kundi lililopelekwa huko lilikufa hata kama hakuna mnyama mgonjwa aliyekanyaga pale kwa miaka. Wengine walisema malisho hayo yamelaaniwa.

Inasimuliwa kwamba Emmy alimpa mumewe darubini siku ya kuzaliwa kwake. Koch akakigawa chumba chake cha kazi kwa pazia: upande huu wagonjwa, upande huu darubini na panya. Akaangalia damu ya kondoo aliyekufa kwa kimeta, akaona vijiti vyembamba sana, visivyokuwamo katika damu ya kondoo mzima. Waganga wengine walikuwa wameviona kabla yake, lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama vijiti vile ndivyo vinavyoua au vinakuja tu baada ya kifo, kama funza wajavyo penye mzoga.

Koch akatwaa kipande chembamba cha mti, akakichovya katika damu ile, akakitia chini ya ngozi ya panya. Kesho yake panya amekufa, na damu yake imejaa vijiti. Akachukua damu ya panya huyo akamtia wa pili, ya wa pili akamtia wa tatu, na kila mara ikawa vile vile. Halafu akavilea vijiti peke yake katika tone la maji ya jicho la ng'ombe, akakaa macho kwenye darubini saa nyingi. Akaviona vikirefuka kama nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea chembe ngumu kama mbegu. Mbegu hizo zikikauka hazifi. Hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mnyama. Laana ya malisho ikawa imefumbuliwa. Mwaka 1876 akaenda Breslau kwa mtaalamu Ferdinand Cohn, akayafanya yote upya mbele ya macho ya walimu wakubwa, siku tatu mfululizo. Walioshuhudia walistaajabu, kwa kuwa mtu huyu hakuwa na chumba cha utaalamu, wala mwalimu wa kumwongoza, wala fedha.

Mwaka 1880 akaitwa Berlin kufanya kazi ya serikali. Huko alitafuta njia ya kuvitenga vidudu aina mbalimbali, maana ndani ya mchuzi huchanganyika wote, na haijulikani yupi ni yupi. Siku moja aliona juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa madoadoa ya rangi mbalimbali. Kila doa lilikuwa kama kijiji cha ukoo mmoja: vidudu wa aina moja tu, waliotoka kwa mmoja. Basi kumbe walihitaji mahali pagumu pa kukaa! Akajaribu mchuzi uliogandishwa, lakini ukawa unayeyuka wakati wa joto. Aliyeondoa shida hiyo alikuwa mwanamke, Fanny Hesse, mke wa msaidizi mmoja wa Koch. Yeye jikoni alikuwa akigandisha vyakula vyake kwa unga utokao katika mwani, yaani majani ya baharini, na haukuyeyuka. Hata leo waganga wa dunia nzima hulea vidudu juu ya unga huo, na wachache wanalijua jina la mama yule.

Ugonjwa ulioua watu wengi kuliko yote katika Ulaya siku zile ni kifua kikuu. Kati ya watu saba waliokufa, mmoja alikufa kwa ugonjwa huo. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi. Koch alivitafuta vidudu vyake, lakini havikuonekana, kwa sababu vilikataa rangi ambazo waganga hutumia ili vidudu vionekane. Alijaribu rangi hii na hii, mpaka hatimaye vijiti vyembamba vikatokea vikiwa na rangi ya samawi. Hata kuvilea kulihitaji uvumilivu. Vidudu wengine huonekana baada ya siku moja au mbili. Hawa hawakuonekana juma la kwanza, na mtu mwenye pupa angalivitupa vyombo. Koch akangoja, na katika juma la pili wakatokea.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 aliwaeleza waganga wa Berlin mambo hayo. Hakuwa msemaji mzuri. Alisoma polepole, na vyombo vyake na darubini vimepangwa mezani. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, wala aliyemwuliza neno. Watu waliondoka vitini kimya, wakaenda kuinama kwenye darubini mmoja mmoja. Kati yao alikuwamo mganga kijana, Paul Ehrlich, ambaye atatajwa tena mbele.

Tangu siku ile Koch akawa na sifa kubwa. Mwaka 1883 alikwenda Misri, kisha Kalkuta katika Bara Hindi, akakitambua kidudu cha kipindupindu, na kuonyesha kwamba hukaa katika maji machafu ambayo watu hunywa na kufulia nguo. Katika Misri Mfaransa mmoja, Louis Thuillier, kijana aliyekuja kuutafuta ugonjwa ule ule, aliushikwa akafa. Koch alihudhuria maziko yake.

Lakini kumjua adui si kumshinda. Watu wa kifua kikuu waliendelea kufa, na macho yote yalimwelekea Koch, wakitaka dawa. Mwaka 1890 akatangaza kwamba ameipata, nayo ni tuberkulini, maji yaliyotengenezwa kwa vidudu vyenyewe. Hakueleza imetengenezwaje. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, hata nyumba za wageni zikajaa watu wanaokohoa. Baada ya miezi michache ukweli ukajulikana: dawa haikuponya, na wengine ilizidisha ugonjwa wao mpaka wakafa. Koch alikuwa ameharakisha. Yeye aliyeweza kungoja majuma mawili mbele ya chombo cha kioo, safari hii hakungoja. Tuberkulini ilipata baadaye kazi nyingine: hutiwa kidogo katika ngozi ili kujua kama mtu amewahi kuingiwa na vidudu vya kifua kikuu. Lakini hayo hayakuwafaa waliokwisha kuzikwa.

Baada ya fedheha hiyo ile tamaa yake ya utoto ya kusafiri ikatimia. Alikwenda Afrika ya Kusini kwa ajili ya sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, akapeleleza malaria. Alirudi tena Afrika ya Mashariki akachunguza homa ambayo huisha na kurudi, ile iletwayo na papasi, wale wadudu wa nyumba za udongo ambao katika Kongo huitwa kimputu. Wakati ule ule Mwingereza Joseph Dutton alikuwa akiipeleleza homa hiyo hiyo katika Kongo, ikamwua huko Kasongo mwaka 1905. Na mwaka 1905 Koch akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Watu wengi wa umri wake wangalikaa nyumbani kupumzika. Yeye mwaka wa pili alikuwa Sese.

Katika Uganda waganga Waingereza walikuwa wamekwisha kujua, mwaka 1903, kwamba malale huletwa na kidudu kiishicho katika damu, na kwamba mbung'o ndiye anayekichukua. Dawa ndiyo iliyokosekana. Ilikuwako moja, atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Huko Liverpool ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama, ikaonyesha nguvu. Koch alitaka kujua kama itawaponya watu.

Habari zilienea upesi. Mitumbwi ikaja Bugala kutoka visiwa vyote na kutoka bara. Wengine walitembea wenyewe, wengine walibebwa na ndugu zao. Kila asubuhi walipangwa mistari. Koch na wasaidizi wake waliwapapasa shingo, wakitafuta tezi zilizovimba; kisha kwa sindano walitoa tone la maji ya tezi na kuliangalia kwa darubini. Vidudu vya malale vilionekana vikichezacheza kati ya chembe za damu kama viluwiluwi. Mgonjwa alipigwa sindano ya nusu gramu ya atoksili, na kesho yake tena nusu gramu. Akaachwa siku kumi, akarudia. Watu zaidi ya elfu moja walitiwa dawa hiyo.

Mwanzoni ilikuwa kama ajabu. Saa chache baada ya sindano, vidudu vilitoweka katika tezi. Wagonjwa waliokuwa wakisinzia waliamka, waliobebwa wakaanza kutembea. Ikatumwa barua Ulaya, magazeti yakashangilia. Lakini Koch aliendelea kuangalia, na aliyoyaona hayakumfurahisha. Wengine, baada ya dawa kukoma, vidudu vilirudi. Basi akaongeza kipimo: si nusu gramu tena, bali gramu nzima.

Hapo ndipo msiba ulipotokea. Wagonjwa kadhaa walianza kusema kwamba wanaona ukungu. Ukungu ukazidi, siku kwa siku, mpaka giza likafunga. Sumu ya aseniki ilikuwa imeua mishipa ya macho, na mishipa hiyo ikiisha kufa haifufuki. Watu 22 walipofuka kabisa. Haifai kulificha jambo hili katika habari za maisha ya Koch, ijapokuwa vitabu vingi vya sifa hulipita haraka. Watu wale walikuja kwa mtumbwi wakiona njia, wakarudi kwao wakishikwa mkono. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu; jina la mganga limeandikwa juu ya majengo. Koch alipofahamu sababu, alikiacha kipimo kikubwa akarudi kwenye nusu gramu. Atoksili ilibaki dawa ya kusaidia tu, isiyoponya wote.

Kazi nyingine za Sese zilizaa matunda yaliyo bora zaidi. Koch alipasua matumbo ya mbung'o wengi, akaona kwamba huko ziwani damu waliyoinywa mara nyingi ni ya mamba, akashauri mamba wapunguzwe na vichaka vya pwani vifyekwe. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, aliendelea na upelelezi ziwani, na mwaka 1909 akaonyesha kwamba mbung'o akiisha kumnywa mgonjwa, hawezi kumwambukiza mtu mara moja. Lazima zipite siku nyingi, vidudu vikikua ndani yake. Serikali ya Uganda nayo iliwahamisha watu wa visiwa, wakaacha nyumba na migomba yao, kwa sababu kumtenga mtu na mbung'o kuliokoa roho nyingi kuliko sindano.

Mwishoni mwa mwaka 1907 Koch alirudi Ujerumani. Miaka iliyofuata moyo wake ulidhoofika. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, mwenye miaka 66.

Ehrlich, yule kijana wa jioni ya 1882, ndiye aliyeyaeleza mambo ya Sese. Mwaka 1907, katika Frankfurt, alitia panya vidudu vya malale na kuwapa atoksili kidogo kidogo, mara kwa mara. Mwanzoni vidudu vilipungua. Baadaye vilirudi, na safari hii dawa haikuvifanya kitu. Alipovihamisha kwa panya mwingine asiyewahi kupewa dawa, vilikuwa vile vile, na wazao wao vile vile. Vilivyo dhaifu vilikuwa vimekufa, vikabaki vile vilivyoweza kuvumilia, navyo vikajaza damu yote. Kwa hiyo njia ya dawa ilikuwa nyembamba. Kipimo kikizidi, humdhuru mgonjwa, kama wale 22 wa Bugala. Kikipungua, au kikikatizwa kabla ya wakati, huwafundisha vidudu kuishi. Ehrlich akachukua mambo hayo akatengeneza dawa nyingine zenye aseniki, ambazo zilimdhuru mgonjwa kidogo na kidudu zaidi.

Dawa ya kweli ya kifua kikuu ilipatikana mwaka 1943 katika Marekani, miaka 61 baada ya Koch kukiona kidudu. Ni streptomisini, iliyotolewa katika kiumbe kidogo kiishicho udongoni. Wagonjwa waliokata tamaa waliinuka vitandani. Lakini kilichotokea Sese kikatokea tena: baada ya miezi kadhaa wengi wao walianza kukohoa upya, na streptomisini haikuwafaa tena, kwani vidudu vilivyobaki vilikuwa vimeizoea. Waganga wakafahamu kwamba haifai kukipiga kidudu hicho kwa fimbo moja. Wakawapa wagonjwa dawa mbili au tatu pamoja, ili kidudu kinachoivumilia hii kiuawe na ile. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa wa kifua kikuu siku hizi, kwa kawaida, hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mara nyingi baada ya majuma machache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa hujiona amepona. Vidudu bado vimo. Akiziacha dawa hapo, vitakavyoinuka ni vile vilivyo vigumu, na atakayeambukizwa na mtu huyo ataanza ugonjwa wake na vidudu vilivyokwisha kuzoea dawa.

Malale nayo imepungua. Mwaka 1998 waganga wa Kongo waliwapata wagonjwa wapya zaidi ya 25,000. Tangu mwaka 2018 hesabu ya dunia nzima imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Tangu mwaka huo wa 2018 iko dawa ya kumeza, feksinidazoli, iliyojaribiwa katika Kongo yenyewe. Humezwa siku kumi pamoja na chakula, bila kuruka hata siku moja.

Tarehe 24 Machi, siku aliyosoma Koch mbele ya wale wasikilizaji kimya, imewekwa kuwa siku ya kifua kikuu duniani. Mashine mpya zimekuja kuvitafuta vidudu vyake, lakini katika maabara nyingi bado hutumika njia ya zamani. Mtu aliyekohoa majuma mawili au zaidi huleta makohozi yake katika kikopo chenye kifuniko. Mfanyakazi wa maabara huyapaka juu ya kioo, huyakausha, huyatia rangi nyekundu, huyaosha kwa asidi, halafu huyatia samawi. Kisha huinama kwenye darubini na kutafuta polepole, upande huu na upande huu, mpaka avione: vijiti vyembamba, vyekundu, vilivyopinda kidogo.